Maji Hayasubiri Chaji

Kila likizo ya Disemba ikikaribia, barazani petu hapa Mjini, Unguja, huanza maneno juu ya kambi yetu ya Pemba. "Una nyumba, una kitanda, unakwenda kulalia mchanga Pemba? Umeshakuwa mzungu wewe." Mwengine hudakia kwamba mahema ni mambo ya watalii, watu walioshiba raha wakaanza kununua taabu kwa pesa zao. Mimi huwaacha wamalize kahawa. Nusu ya wanaosema hivyo baba zao wamelala dago, na nusu iliyobaki mama zao wamelelewa kwenye kambi za karafuu.

Vijana wa Mjini wa siku hizi dago hawalijui, kwa hiyo tuanzie hapo. Wavuvi wa Pemba, na Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, ndio vinara wao, wanafuata samaki kwa misimu tangu hajazaliwa yeyote aliye hai leo. Upepo ukigeuka wanapakia nyavu, mchele, masufuria na turubai, wanahama: pwani za Unguja, Mrima yaani pwani ya bara, hata Kenya. Wakifika wanaomba ruhusa kwa wenyeji, wanasimamisha vibanda vya makuti, wanakaa wiki, wanakaa miezi. Hilo ndilo dago. Hakuna aliyewahi kuwaita watalii. Na karafuu nazo zikiwiva, familia nzima ilikuwa ikihamia shamba na watoto wake, kuku wake na mikeka yake. Mchana watu wako juu ya mikarafuu. Usiku karabai linawashwa, mkubwa na mdogo wanakaa duara kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Mama yangu amekulia humo. Ngano zote anazozijua za sungura na fisi alizisikia akiwa na makonyo mikononi, na mpaka leo hawezi kusimulia hadithi akiwa hana kitu cha kuchambua. Utamkuta na sinia la mchele au fungu la mchicha.

Basi kambi kwetu si jambo la kuletwa. Tofauti ni kwamba wazee waliipiga kwa ajili ya riziki, na sisi tunaipiga kwa ajili ya watoto, au tuseme kweli, kwa ajili ya simu.

Kabla sijafika mbali, nitoe dukuduku langu moja. Simo katika wale wanaosifia giza. Waliokuwapo Unguja wanakumbuka tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme baada ya kuharibika njia ya kuupokea kutoka bara. Siku hizi kuna watu wanakisimulia kipindi kile kwa mahaba, eti majirani walirudi kukaa nje na kupiga soga. Soga zilikuwepo, sikatai. Na jenereta nazo zilikuwepo zikinguruma kila kichochoro, maji hayapandi kwenye matangi, samaki wanaoza, wenye vibiashara vya barafu na juisi wamekaa mikono mashavuni. Wenzetu wa Pemba wao mpaka mwaka huo wa 2010 walikuwa wakitegemea majenereta ya dizeli, ndipo wakapata waya wao wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Kuzima kwa hiari na kuzimiwa ni mambo mawili. Anayeyachanganya hajawahi kupandisha ndoo ya maji ngazi za maghorofa ya Michenzani.

Kwa hiyo ninaposema tunakwenda kukaa bila umeme, nazungumzia kukaa kwa kupenda, kwa siku chache, na watu wazima wanaojua watarudi lini. Hiyo ni anasa, na wanaobisha pale barazani hapo wana haki yao.

Nyumbani sheria za simu tunazo. Hakuna simu mezani, hakuna simu baada ya isha, ukiondoka chuoni, yaani madrasa, hukabidhiwi mpaka umalize kazi ya skuli. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilitoa mwongozo wake: mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Niliusoma kwenye simu, kitindamimba wangu kakaa pajani kwa mamake anaangalia katuni kwenye simu nyengine. Sheria zinasaidia kidogo, kisha watoto huzijulia mlango wa uani. Nilichokuja kukiona Pemba ni kwamba mtoto haachi simu kwa kukatazwa. Huiacha akipewa kazi ambayo ikichelewa imepotea. Mjini kazi kama hiyo hatunayo. Vyombo vitaoshwa baadaye, kitanda kitatandikwa hata saa sita, na mchezo wa simu wenyewe ukiusimamisha unakungoja pale pale. Mjini kila kitu kinamngoja mtoto, na bahari haimngoji mtu.

Tunapanda boti bandari ya Malindi, Unguja, tunashuka bandari ya Mkoani, Pemba, kutoka hapo ni safari ya kisiwa kizima kuelekea kaskazini: Chake, kisha njia ya Konde, kisha barabara inaingia msitu wa Ngezi. Hapo hata anayetapika hunyanyua kichwa. Dakika moja uko kwenye jua na migomba, dakika ya pili miti mirefu imefunga juu, hewa imepoa, kuna harufu ya majani mabichi yaliyolowa. Ngezi ina karibu hekta 1,400, na ndiyo masalia makubwa ya msitu uliokuwa umekifunika kisiwa kabla ya mikarafuu. Humo mna mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni Pemba peke yake. Mwanangu wa kati huuliza kila mara kama ndio ule ule wa mwaka jana. Ukitoka upande wa pili ni Makangale, na mbele yake rasi inanyooka mpaka mnara wa Kigomasha, Vumawimbi ikiwa upande wa mashariki na mchanga wake mweupe usiokwisha.

Kituo cha kwanza ni kwa sheha, mkuu wa mtaa. Hata kama unakwenda shamba la mama yako mzazi, unapita, unasalimia, unasema umekuja na nani na unakaa mpaka lini. Kisha kwa mjomba. Mjomba ndiye ndugu wa mama aliyebaki huko, mvuvi, ana shamba la minazi linaloishia mchangani, na ndiye mwenye amri ya kambi. Watoto wanapita mmoja mmoja, "Shikamoo babu," anawapa mkono, wanaubusu, na mkono huo huo anaunyoosha tena kiganja juu. Hazungumzi. Wanajua. Simu zinaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, anayowekea mbegu za mahindi, na ndoo inarudi uvunguni. Mwaka wa mwanzo binti yangu mkubwa alijaribu kujitetea kwamba huenda akapigiwa. Mjomba akamwambia, "Nani huyo atakayekutafuta wewe, mie nisijue?" Kiswaswadu chake ndicho kinachobaki na chaji kwa ajili ya dharura, na nambari yake wamepewa wote wanaostahili kupewa.

Siku hatuchagui kwa kalenda ya ofisini. Tunakwenda mwezi ukikaribia kuwa mpevu, ili mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano utukute pwani. Mama hupenda kwa sababu hizo ndizo siku nyeupe, na yeye hufunga sunna. Sisi tunapenda kwa sababu ni bamvua. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, maji yakajaa mpaka yanalamba mizizi ya minazi, yakapwa mpaka mwamba wote unakauka. Baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua kubwa kwetu ni kiasi cha mita 4, yaani paa la nyumba. Na saa zake hazipotei: siku za bamvua maji huwa yamejaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata hujisogeza mbele karibu dakika 50.

Hesabu hiyo mwanangu wa kati aliikataa katakata, akasema babu anabahatisha. Mjomba hakubishana naye. Alimpa kipande cha mkaa na ubao wa sanduku la samaki, akamchomekea kijiti mchangani, akamwambia, "Kaa hapa utizame mwenyewe. Maji yakigeuka, andika." Mtoto asiyeweza kukaa na daftari robo saa akakaa na ule ubao kama karani wa bandari. Leo saa nne, kesho saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa karibu saa sita kasoro robo. Alipoona imekubali alitangaza kambi nzima kama vile yeye ndiye aliyeipanga. Tokea hapo ratiba ni yake. Yeye ndiye anayesema twende sasa, na twende sasa ni sasa kweli, maana ukichelewa nusu saa kuna mifereji huvuki.

Hata hema, anayechagua mahali ni watoto. Ukitembea juu ya mchanga utaona mstari wa mwani uliokauka, vijiti na maganda. Hapo ndipo bamvua la mwisho lilipofika. Unahesabu hatua kwenda juu yake. Kisha unanyanyua kichwa kutizama minazi, kwa sababu nazi haina adabu, haiulizi nani kalala chini. Kitindamimba kazi yake ni hiyo: anapita chini ya kila mnazi akinyoosha kidole juu, "Huu unazo. Huu unazo. Huu hauna." Anaifanya kwa ukali wa askari wa barabarani.

Sasa nikuambie kuhusu usiku wa kupwa.

Saa tatu na kitu tunaondoka, viatu vya plastiki miguuni, mjomba mbele na nondo yake fupi, mimi nyuma na tochi isiyowashwa. Mwezi unatosha. Mwamba uliokuwa chini ya maji jioni sasa ni uwanja, umejaa vidimbwi, na kila kidimbwi kina watu wake. Viti vya pweza vyekundu, wale viumbe wa umbo la nyota, vimelala na pembe zao. Majongoo bahari yametulia hayana habari. Kuna vikaa vinavyohama na nyumba za konokono vilizoziokota, ukisogea vinajifungia ndani. Mjomba amewafundisha watoto kuburuza miguu kwenye mchanga wa maji badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia asikanyagwe mgongoni. Akiguswa kwa ubavu hukimbia, akikanyagwa hupiga mwiba. Wanaburuza. Watoto wa Mjini wanatembea kama wazee wenye makubadhi makubwa, na hakuna anayecheka.

Mjomba husimama ghafla. Mbele yake kuna tundu, si kubwa, kiganja kingeliziba. Huwezi kujua lina nini mpaka akuoneshe nje yake: vipande vya maganda ya kaa, kombe mbili tatu zilizosafishwa, vimetupwa mlangoni. "Huyu amekula jana hapa," anasema. "Mchafu, hajui kufagia." Anachuchumaa, anachokoa polepole kwa ncha ya nondo. Mkono mmoja unatoka ndani ya tundu, unaipapasa nondo, unaizunguka, unaishika. Kisha wa pili. Binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na tano, ambaye tangu Mkoani alikuwa akijibu kila kitu kwa neno moja, alikuwa amepiga magoti kwenye maji bila ya kujijua. Pweza alipotokeza kichwa alikuwa na rangi ya jiwe lile lile, na mabaka yake. Mwanga wa mwezi ukampiga, akageuka kahawia, akageuka mwekundu wa damu ya mzee, kisha akapauka kabisa, weupe wa mtu aliyepokea habari mbaya. Yote hayo kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Vibuyu vya mikono yake vilikuwa vikibandika na kubanduka kwenye chuma na kufanya mlio mdogo, tk, tk, tk.

Mjomba alimpima kwa jicho, akailegeza nondo. Pweza akarudi ndani kwa haraka kuliko alivyotoka.

"Kwa nini umemwacha?"

"Bado mdogo. Huyu mwezi ujao ni mwengine kabisa."

Pweza hukua mbio. Kule Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wavuvi wenyewe wamekuwa wakikubaliana kuufunga mwamba kwa miezi mitatu, asiingie mtu, na wakifungua hupata pweza wazito. Mjomba ana maoni yake juu ya hilo, mazuri na mabaya, hasa kuhusu wanaoingia usiku mwamba ukiwa umefungwa. Lakini usiku ule aliwaeleza watoto jambo jengine. Pweza jike hutaga mara moja maishani. Huyaning'iniza mayai ndani ya tundu, hukaa nayo akiyapepea kwa maji safi, hali, hatoki, mpaka yaanguliwe. Yakianguliwa, yeye hufa. Binti yangu akauliza ni nani basi anayewafundisha watoto wake kubadilika rangi. Mjomba akasema, "Hakuna. Wanajua tu." Tukaendelea. Baada ya hatua nyingi nikamsikia binti akimwambia mdogo wake, "Sisi hata kufunga kamba za viatu tulifundishwa."

Tulirudi na pweza wawili wakubwa, na mimi ndiye niliyewapiga kwenye jiwe mpaka povu likaisha. Kitoweo cha siku ya pili.

Hapo nitaje sharti la mke wangu, kwa sababu wanaume wengi wanaoniuliza habari za kambi hawaulizi hili. Alisema waziwazi, "Mie siendi huko kuwa mpishi wa pwani." Akawa na haki. Mapumziko ya familia mara nyingi humaanisha mama amehamishiwa jikoni kubaya zaidi. Kwa hiyo kambini mafiga ni ya wanaume. Mimi na wavulana tunawasha moto, tunachemsha maji, tunakuna nazi kwenye mbuzi, tunachoma muhogo na changu. Chakula hakifiki kwa wakati na wali huwa na ukoko wa kutosha kuezekea. Yeye anakaa na mama yangu kwenye jamvi, wanasuka ukili, wanazungumza mambo ambayo tukisogea hukatika.

Makumbi ya nazi tunayahifadhi kwa ajili ya jioni. Yakifukizwa upande unaotoka upepo, moshi wake huwafukuza mbu vizuri, ingawa vyandarua tunatundika vile vile. Malaria Zanzibar imeshuka sana, na sababu moja ni kwamba watu walivitumia vyandarua. Kuoga watoto wanaoga baharini na kujisuuza kwa maji ya kisima. Kwenye vijito na madimbwi ya maji baridi hawaingii hata wakilia, kwa sababu ya kichocho. Vile vikonokono vinavyokaa humo ndivyo vinavyokibeba, na Pemba ugonjwa huo umepigwa vita kwa miaka mingi bila ya kwisha kabisa. Hili nalisema kwa kila anayeniomba ushauri, maana mtu wa Mjini akiona kijito kizuri chini ya mgomba anaona picha.

Jioni ni ya popo. Jua likishazama na sisi tumetoka kusali magharibi, wanaanza kupita kutoka upande wa msitu, mmoja, watatu, kisha safu, wanapiga mabawa polepole kama kunguru aliyechoka, mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita 1.5. Popo wa Pemba hawaishi mapangoni. Hulala wakining'inia juu ya miti mikubwa mchana kutwa, hula matunda, na hutumia macho na pua kama sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilionekana wamebaki wachache mno, wamewindwa na miti yao imekatwa. Wakalindwa, vijiji vikashirikishwa, na sasa ni maelfu. Anayeshindwa kufika Ngezi anaweza kuwaona Kidike, si mbali na Chake. Kitindamimba aliwahi kuwaogopa. Alipoambiwa kwamba wao ndio wanaozisambaza mbegu za miti ya msituni, alianza kuwapungia mkono.

Baadaye, moto ukiwa makaa, husikika "hu", kimya, kisha "hu" nyengine. Bundi. Mama yangu hujikunyata na kusoma anayoyasoma, kwani bundi kwetu haleti habari njema. Bundi huyu lakini hana pengine pa kulia duniani isipokuwa Pemba, katika Ngezi na katika mashamba makongwe ya mikarafuu. Ni mdogo, analingana na njiwa. Kisiwa hiki kina ndege wanne wasiopatikana popote pengine, na sababu yake ni mkondo ule unaotutapisha tukiwa kwenye boti. Baina ya Unguja na bara bahari ina kina cha makumi ya mita tu, hivyo zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu; ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui. Baina ya Pemba na bara kina ni mamia ya mita. Hakikukauka. Pemba ilibaki peke yake muda mrefu sana, na waliokuwamo wakawa wa humo. Mwanangu wa kati aliposikia hayo alimwambia bibi yake, "Kwa hiyo bundi huyu ni Mpemba, bibi, hawezi kukufanya kitu." Mama alicheka mpaka akakohoa. Dua hakuiacha.

Usinidhanie kwamba wote tunageuka malaika. Siku ya kwanza huwa mbaya. Watoto wanapapasa mifuko mitupu, wanauliza saa, wanagombana juu ya mto. Binti yangu alikaa ndani ya hema mchana kutwa na joto lake akisema anasoma, na kitabu kilikuwa juu chini. Mjomba aliniambia nisimguse. "Mwache achoke nafsi yake." Alichoka karibu na alasiri, akatoka kuuliza kama kuna kitu cha kufanya, akapewa nyavu yenye matundu na uzi. Hiyo ndiyo tiba aliyo nayo mjomba kwa kila mtu, na hajawahi kuibadilisha.

Wabaya kabisa ni sisi watu wazima. Shemegi yangu tuliyekwenda naye alikubali kila sharti, akatia simu moja kwenye ndoo mbele ya watu. Siku ya pili ikagundulika kwamba kila akimaliza kula hupotelea juu kwenye kilima cha mkorosho, na anarudi na habari za matokeo ya mpira. Watoto walimfuata wakamkuta kasimama juu ya jiwe, mkono juu, anatafuta mtandao. Hawakumsema. Walianza kumsindikiza kila baada ya chakula, wote watatu, wamekaa chini ya mkorosho wakimtizama kimya, mpaka mwenyewe akaona haya akaileta.

Ulimwengu haukuharibika kwa ukimya wetu. Magrupu ya WhatsApp yalikuwa na mamia ya ujumbe tuliporudi, nikayafuta bila kusoma, na mpaka leo sijasikia nilichokikosa isipokuwa mwaliko mmoja wa harusi, ambao mke wangu alikwishaujua.

Mwezi ukishapita kumi na tano huanza kuchelewa kutoka, na hapo mapema ya usiku nyota huachiwa uwanja. Disemba Kilimia, lile kundi la nyota, huwa kimepanda vizuri upande wa kaskazini. Mjomba huwaonesha watoto wazihesabu nyota zake, kila mmoja anapata idadi yake na ugomvi unaanza. Kisha huwapa ule msemo wa wakulima: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Programu ya hali ya hewa ninayo kwenye simu. Sijawahi kuona watoto wakigombana juu yake.

Mwaka huu mambo yamegongana. Mwezi mpevu wa likizo unaangukia siku za mitihani ya chuoni, kwa hiyo tunakwenda mwezi mwandamo. Bamvua litakuwepo vile vile, saa nne ile ile, ila kiza kitupu, na mwambani kwenye kiza tochi mbili hazitoshi watoto watatu na mabibi wawili wanaosema nao safari hii wanakuja kutizama pweza. Mjomba anataka karabai, anasema mwanga wa karabai haumtishi samaki kama huu mweupe wa kichina. Hilo ni lake, mimi simo. Lake la zamani halishiki pampu. Kama kuna anayemjua fundi wa karabai aliyebaki Darajani au Mwanakwerekwe, aniambie kabla boti za likizo hazijajaa.